Maieloma na damu inayoganda: hatua za kujikinga tangu siku dawa inapoandikwa

Mtu akishaambiwa ana maieloma, mazungumzo yote huelekea kwenye mifupa, figo na upungufu wa damu. Si ajabu, maana hayo ndiyo yaliyomfikisha hospitali. Mgongo umemuuma miezi kadhaa, amemeza dawa za maumivu za kila aina, wengine wameshatibiwa hata kifua kikuu cha uti wa mgongo, mpaka vipimo vya damu na uboho vikaonyesha kwamba ni saratani ya seli za plazima. Katika pilikapilika hizo kuna hatari moja ambayo mara nyingi haipati mtu wa kuisema: damu kuganda ndani ya mishipa. Kati ya wagonjwa kumi wa maieloma, takriban mmoja hupata bonge la damu mguuni au kwenye mapafu, na mengi ya mabonge hayo hutokea miezi sita ya kwanza ya matibabu, wakati ule ule familia inapoanza kushusha pumzi kwa kuwa dawa imepatikana. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2010, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 18,000, ulikuta kwamba katika mwaka wa kwanza hatari yao ya bonge kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, ni zaidi ya mara saba ya watu wengine.

Nimeandika kwa ajili ya mgonjwa na ndugu anayemuuguza. Ombi langu kubwa ni moja: siku ile ile daktari anapoandika dawa ya maieloma, aandike pia dawa ya kuzuia damu kuganda, au akueleze kwa nini ameamua kutoiandika. Dozi ninazozitaja humu ni za kukusaidia kuuliza na kuelewa. Usiende nazo duka la dawa ukajinunulia.

Kabla ya hatua zenyewe: damu hii inaganda kwa nini?

Seli za plazima hukaa kwenye uboho na kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Kwenye maieloma, ukoo mmoja wa seli hizo huzaliana bila kikomo na kumwaga kwenye damu protini ya aina moja tu. Uboho uliovamiwa hutoa pia kwa wingi kemikali iitwayo intalukini-6. Kemikali hii huilisha saratani, na papo hapo hulichochea ini litengeneze fibrinojeni na vigandishi vingine, yaani protini zinazoigandisha damu, huku ikiusukuma uboho kuzalisha chembe sahani.

Chembe sahani, ambazo watu wa maabara huziita plateleti, ni vipande vidogo vya seli vinavyozunguka kwenye damu siku saba hadi kumi vikisubiri jeraha. Zikikutana na mshipa uliochanika hubadilika umbo, hushikana zenyewe kwa zenyewe, na kutokeza nje protini zinazonasa seli nyingine pamoja na vigandishi. Kwa wenye maieloma, tafiti kadhaa zimezikuta zikiwa zimeshaamka hata pasipo jeraha lolote.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mashine ya maabara inahesabu chembe sahani. Haipimi ukali wake. Karatasi ya majibu inaweza kuonyesha 210, idadi ya kawaida kabisa, kwa kuwa kawaida ni 150 hadi 450 na hiyo ni hesabu ya maelfu katika mikrolita moja ya damu, ilhali chembe zenyewe ziko tayari kugandisha. Kinyume chake hutokea pia: protini ya maieloma ikizidi mno huzizonga chembe sahani zisishikane, na mgonjwa akatoka damu puani na kwenye ufizi huku idadi yake ikiwa nzuri. Mtu mmoja anaweza kubeba hatari zote mbili, ya kuganda na ya kuvuja, ndani ya mwezi mmoja. Ndiyo maana inaniuma kusikia mgonjwa ameambiwa "plateleti zako ziko sawa" na mazungumzo yakaishia hapo.

Juu ya ugonjwa huja dawa. Thalidomaidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 kama dawa ya usingizi, ikatumiwa na wajawazito kutuliza kichefuchefu, na ikaondolewa sokoni huko mwishoni mwa 1961 baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo visivyokamilika. Mwaka 1999 madaktari wa Little Rock, jimbo la Arkansas, walionyesha kwamba dawa hiyo hiyo inairudisha nyuma maieloma iliyokwisha kushinda tiba nyingine. Tangu hapo, yenyewe pamoja na lenalidomaidi iliyotokana nayo zimekuwa nguzo ya matibabu, na vidonge vingi vinavyotumika Afrika Mashariki hutoka viwanda vya India. (Mwanamke anayeweza kushika mimba asizimeze bila kinga madhubuti ya uzazi, na kinga hiyo isiwe vidonge vya majira vyenye estrojeni, maana navyo vinagandisha damu.)

Zikitumika peke yake, dawa hizi huongeza mabonge kidogo tu. Zikiunganishwa na deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, mambo hubadilika, na dozi ya deksamethasoni ina uzito wake. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2010 liliwapa wagonjwa wote lenalidomaidi. Kundi moja likapata deksamethasoni nyingi, miligramu 40 kwa siku 12 za kila mzunguko wa tiba, kundi la pili miligramu 40 mara moja tu kwa wiki. Waliopata bonge walikuwa 26 katika kila 100 kwenye kundi la kwanza, na 12 kwenye la pili. Tena waliopewa kidogo ndio waliokuwa hai kwa wingi zaidi baada ya mwaka mmoja. Ukiona deksamethasoni ya siku nne nne mfululizo kwenye karatasi yako, una haki ya kuuliza sababu.

Hatua ya 1: Jua jina kamili la ugonjwa wako

Magonjwa ya seli za plazima ni ukoo, na kila mmoja una tabia zake kwenye damu.

Walio wengi wana hali ambayo madaktari huiandika MGUS: protini ipo, lakini kidogo, na hakuna kiungo kilichoharibika. Katika watu 100 wenye hali hii, mmoja hivi kwa mwaka huendelea mpaka maieloma. Watu wenye asili ya Afrika huipata zaidi ya Wazungu. Hatari ya bonge huongezeka kwa kiasi fulani, ila MGUS peke yake si sababu ya kumeza dawa ya kuzuia kuganda kila siku. Kinachotakiwa ni kumtajia daktari kila unapolazwa au kufanyiwa upasuaji.

Maieloma yenyewe, hasa inapoanza kutibiwa, ndiyo inayoguswa na hatua zote zinazofuata.

Kuna amiloidosisi ya minyororo myepesi, ambapo vipande vya protini hujikusanya kwenye moyo, figo na kuta za mishipa. Figo zikivujisha protini, miguu huvimba, mkojo hutoa povu, na pamoja na protini hizo hupotea antithrombini, kinga ya mwili dhidi ya kuganda. Hapo damu huganda kirahisi. Lakini ugonjwa huo huo hunasa kigandishi namba kumi na kudhoofisha mishipa midogo, ngozi ikavilia damu kuzunguka macho bila kugongwa. Mgonjwa wa namba hii asianzishiwe dawa ya kuzuia kuganda mpaka bingwa wa damu amemwona.

Na kuna ugonjwa wa Waldenström, wenye protini kubwa ya IgM inayofanya damu ipite kwa uzito. Kuona ukungu, kichwa kuuma, kizunguzungu na kutoka damu puani vikija pamoja ni dharura. Tiba yake ni kuchujwa plazima, na aspirini haisaidii.

Hatua ya 2: Hesabu hatari yako, kwa kalamu

Chukua daftari. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani, kwa kutumia kumbukumbu za maveterani wenye maieloma, walitoa hesabu ya alama iitwayo IMPEDE VTE. Inafanyika hata juu ya kitanda cha wodi.

Thalidomaidi au lenalidomaidi ni alama 4. Deksamethasoni isiyozidi miligramu 160 kwa mwezi ni 2. Ikizidi hapo ni 4. Kuvunjika nyonga, fupanyonga au paja ni 4. Doksorubisini, dawa ya kemotherapia, ni 3. Kuwahi kupata bonge kabla ya maieloma ni 5. Mrija uliowekwa kwenye mshipa mkubwa ni 2. Uzito uliozidi ukilinganishwa na urefu, yaani BMI ya 25 na zaidi, ni 1. Sindano za kuongeza damu za erithropoietini ni 1. Wenye asili ya Asia hupunguziwa 3. Anayetumia tayari aspirini au dozi ndogo ya heparini, sindano ya kuzuia kuganda, hupunguziwa 3, na aliye kwenye dozi kamili ya matibabu hupunguziwa 4.

Jumla ikiwa 3 au chini, hatari ni ndogo: wagonjwa 3 hivi katika 100 walipata bonge ndani ya miezi sita. Alama 4 hadi 7 ni hatari ya kati, 8 katika 100. Alama 8 na kuendelea, walikuwa 15 katika 100.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 58, mnene kiasi, anaanza lenalidomaidi na deksamethasoni miligramu 40 kila wiki. Ana 4, ongeza 2, ongeza 1: saba. Hatari ya kati. Wiki ya tano anateleza bafuni na paja linavunjika, jambo la kawaida kwa mifupa iliyotobolewa na maieloma. Sasa ana kumi na moja. Dawa iliyomtosha mwezi uliopita haimtoshi tena. Kwa hiyo hesabu hii irudiwe kila jambo jipya linapotokea: kuvunjika, kulazwa, kuwekewa mrija, kubadilishiwa dawa.

Daktari wako anaweza kuwa anatumia utaratibu wa zamani kidogo, wa kikundi cha kimataifa cha maieloma wa mwaka 2008, ambao unahesabu vihatarishi bila alama: bonge la zamani, unene, kisukari, ugonjwa wa moyo au figo, maambukizi makali, kulala kitandani, upasuaji, mrija wa mshipa. Huna hata kimoja au una kimoja, aspirini. Una viwili na zaidi, heparini au wafarini, kidonge cha kuzuia kuganda. Utaratibu wowote ni bora kuliko kutohesabu kabisa.

Hatua ya 3: Zungumzeni dawa ipi, na figo zikoje

Aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 hadi 100 kwa siku, huzilemaza chembe sahani moja kwa moja. Kila chembe iliyoguswa haifanyi kazi tena mpaka inakufa. Ndiyo maana hata ukiacha leo, athari yake hudumu wiki nzima na zaidi. Kwa mgonjwa mwenye hatari ndogo, aspirini si dawa ya kimaskini. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2012 uliwalinganisha wagonjwa wa aina hiyo waliokuwa kwenye lenalidomaidi: mabonge yalikuwa 2.27 katika 100 kwa waliotumia aspirini, na 1.20 kwa waliochoma heparini. Tofauti ni ndogo, na kwa familia inayonunua kila kitu mfukoni hii ni habari ya kutia moyo.

Kwa mwenye hatari kubwa, chaguo la kawaida ni enoksaparini, aina ya heparini ambayo wengi wanaijua kwa jina la Clexane, miligramu 40 mara moja kwa siku chini ya ngozi. Hapa ndipo figo zinapoingia. Dawa hii hutolewa na figo, na maieloma inapenda kuziumiza figo. Kasi ya uchujaji ikishuka chini ya mililita 30 kwa dakika, dozi lazima ipunguzwe au dawa ibadilishwe. Uliza majibu yako ya kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, kabla ya sindano ya kwanza, na yarudiwe mara kwa mara.

Ukitakiwa kujichoma nyumbani, nawa mikono, kaa au lala, chagua upande wa tumbo angalau sentimita tano kutoka kitovuni, ukibadilisha kulia na kushoto kila siku. Usitoe kile kipovu cha hewa kwenye bomba lililojazwa kiwandani, isipokuwa umeagizwa kutumia sehemu tu ya dozi. Bana ngozi, ingiza sindano yote ikiwa wima, sukuma taratibu, chomoa ndipo uachie ngozi. Usipasugue. Alama ndogo ya kuvilia damu ni kawaida. Mabomba yaliyotumika yaingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, irudishwe kituo cha afya. Dawa ikae mahali pa baridi pasipo jua, isigande kwa barafu.

Wafarini ni ya bei nafuu lakini inadai kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, ibaki kati ya 2 na 3, na kama unakoishi hakuna mahali pa kupima, ni dawa ya hatari. Apiksabani, kidonge kingine cha kuzuia kuganda, miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, imeonyesha matokeo mazuri kwenye majaribio ya miaka ya karibuni kwa wagonjwa wa maieloma, haidai INR, na madaktari wengi wanazidi kuichagua. Bei yake ndiyo kikwazo.

Muda? Hatari ya juu kabisa ni miezi minne hadi sita ya mwanzo. Baada ya hapo, ugonjwa ukiwa umetulia, baadhi ya wagonjwa hushushwa kutoka sindano hadi aspirini. Usishuke mwenyewe.

Hatua ya 4: Soma idadi ya chembe sahani kila mzunguko

Nimesema idadi haionyeshi ukali. Lakini inaamua usalama wa dawa. Chini ya 50, aspirini na dozi za kinga kwa kawaida husimamishwa. Aliyekwisha kupata bonge na yuko kwenye dozi kamili, madaktari hupunguza dozi idadi ikiwa kati ya 25 na 50, na husimamisha ikishuka chini ya 25.

Anayetumia botezomibu, dawa nyingine ya maieloma, ajue kwamba chembe hushuka katikati ya mzunguko na kupanda tena kabla ya mzunguko mpya. Kushuka huko hutarajiwa. Dawa yenyewe haijulikani kwa kuongeza mabonge, na hii ni moja ya sababu daktari anaweza kuipendelea kwa mtu aliyewahi kupata bonge.

Vidoadoa vidogo vya damu kwenye miguu, ufizi unaotoka damu, haja kubwa nyeusi inayonata, mkojo mwekundu, hedhi isiyokatika: kwa lolote kati ya haya, piga simu au nenda hospitali kabla ya kumeza dozi inayofuata. Kichwa kinachouma ghafla na vikali kuliko siku zote hakingoji simu.

Hatua ya 5: Kagua miguu na pumzi kila asubuhi

Vitabu vingi vinasema mguu wenye bonge huwa mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani, kwa hiyo usiusubiri. Tumia mikono na futi kamba ya fundi cherehani.

Kabla ya kuamka kitandani, weka viganja kwenye vigimbi vyote viwili. Je, mmoja una joto zaidi? Ngozi imekaza na kung'aa? Kisha pima mzingo wa kila kigimbi, sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti, pale pale kila mara. Andika. Tofauti inayozidi sentimita 3 kati ya mguu na mguu ni alama ambayo hata madaktari huitumia kukadiria bonge. Deksamethasoni na figo zinazovuja huvimbisha miguu yote miwili kwa usawa. Bonge kwa kawaida huanza na mmoja. Mwenye mrija mkononi au kifuani aangalie pia mkono, shingo na uso wa upande huo.

Pumzi ndiyo muhimu zaidi. Kuishiwa pumzi ghafla, kifua kuchoma unapovuta hewa, moyo kwenda mbio umekaa, kukohoa damu, kuzimia. Usiseme ni upungufu wa damu tu. Upungufu wa damu humchosha mtu polepole, siku hadi siku. Bonge la pafu huja ndani ya dakika au saa.

Bonge huweza kuziba ateri pia, yaani mishipa inayotoa damu moyoni. Mdomo kwenda upande, mkono mmoja kuishiwa nguvu, ulimi kuwa mzito: huo ni kiharusi mpaka hospitali iseme vinginevyo.

Hatua ya 6: Ukishuku bonge, fanya haya siku hiyo hiyo

Usiukande mguu. Usiuchue kwa mafuta, usiite mtu wa kuuchua, usiufunge kwa kuubana. Najua ndivyo tulivyolelewa, mguu ukivimba unachuliwa, na mtu anayechua anafanya kwa upendo. Lakini bonge likikatika mguuni husafiri kupitia moyoni hadi kwenye mapafu, na huko linaweza kuua.

Nenda hospitali yenye ultrasaundi ya dopla. Mapokezini sema wazi, usingoje kuulizwa: "Nina maieloma, natumia lenalidomaidi na deksamethasoni, mguu umevimba tangu jana, nahofia damu imeganda." Sentensi hiyo inabadilisha foleni. Taja pia dawa ya kuzuia kuganda unayotumia na saa uliyoitumia mara ya mwisho.

Unaweza kupimwa damu kipimo cha D-dima, yaani mabaki ya damu iliyoganda. Kwa mwenye maieloma mara nyingi kiko juu hata pasipo bonge, kwa hiyo kikiwa juu peke yake hakithibitishi chochote. Picha ndiyo inayoamua. Ikishukiwa mapafuni, picha ya CT hutumia dawa ya kung'arisha mishipa, na hapo wakumbushe hali ya figo zako.

Bonge likithibitishwa, dozi kamili huendelea si chini ya miezi mitatu hadi sita, na zaidi ya hapo maadamu saratani au tiba inayochochea kuganda bado ipo. Lenalidomaidi inaweza kusimamishwa kwa muda na kurudishwa damu ikishadhibitiwa. Bonge si mwisho wa matibabu ya maieloma.

Hatua ya 7: Chunga duka la dawa na jiko

Diklofenaki na ibuprofeni, zile diklo na brufeni zinazouzwa kila kona, ziondoke nyumbani kabisa. Zinaumiza figo za mgonjwa wa maieloma, na zikichanganywa na aspirini au wafarini huchubua tumbo mpaka damu inatoka. Kwa maumivu anza na parasetamoli, na ikishindwa daktari ana dawa zenye nguvu zaidi, hadi mofini.

Anayetumia wafarini amwambie kila mhudumu anayemwandikia dawa. Septrini, flajili na flukonazoli hupandisha INR haraka. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha, na hudhoofisha pia apiksabani na ndugu yake rivaroksabani. Kwetu hili si jambo la nadra, maana wapo wanaougua kifua kikuu na maieloma pamoja.

Mchicha, kisamvu, matembele na sukuma wiki vina vitamini K nyingi inayopingana na wafarini. Usiache mboga. Kula kiasi kinachofanana wiki hadi wiki, ili dozi iliyopangwa ilingane na chakula chako. Wanaotumia heparini, aspirini au apiksabani hawahusiki na hili. Vidonge vya mitishamba, na vile vya vitunguu saumu au tangawizi vilivyokolezwa, viache mpaka umemwonyesha mfamasia.

Hatua ya 8: Safari, maji na funga

Wagonjwa wengi husafiri mbali: kutoka Kigoma au Mbeya hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, kutoka Turkana hadi Eldoret ambako Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi hushirikiana na AMPATH, ushirika wa Kenya na vyuo vikuu vya nje, kutibu maieloma, wengine hadi India kwa ndege. Kukaa saa nyingi miguu ikining'inia hulaza damu kwenye vigimbi. Omba kiti cha pembeni mwa njia. Kila nusu saa kunja na kunjua vifundo vya miguu mara ishirini, na gari likisimama shuka utembee. Usirukishe dozi ya kinga kwa sababu ya safari. Waliokuwa wakilala muda mrefu kwa maumivu ya mgongo waulize mtaalamu wa fiziotherapia mazoezi ya kitandani yasiyohatarisha mifupa.

Maji huokoa figo na huizuia damu isikauke. Lita tatu hivi kwa siku hupendekezwa kwa wengi, isipokuwa daktari amekuwekea kikomo kwa sababu ya moyo au usafishaji wa figo. Usijinyime maji safarini kwa kuogopa haja ndogo. Panga vituo mapema.

Ramadhani ikikaribia, zungumza na daktari na sheikh wako kabla ya mwandamo wa mwezi. Kushinda bila maji huku figo zikiwa dhaifu na deksamethasoni ikipandisha sukari ni hatari halisi, na mgonjwa ana ruhusa katika dini. Akaamua kufunga, saa za dawa zipangwe upya naye daktari: apiksabani haichukuliwi mara zote mbili jioni.

Hatua ya 9: Kabla ya jino au kisu

Mwambie daktari wa meno mambo mawili kabla hajashika koleo: unatumia dawa ya kuzuia kuganda, na kama umewahi kuchomwa sindano ya mifupa kama asidi ya zoledroniki. Dawa hiyo ya mifupa huweza kufanya taya lisipone baada ya kung'oa jino, kwa hiyo meno mabovu hushughulikiwa kabla ya kuianza.

Dozi ndogo ya enoksaparini kwa kawaida huachwa saa 12 kabla ya upasuaji, wafarini siku tano, apiksabani siku moja hadi mbili kutegemea figo na ukubwa wa kazi. Aspirini wakati mwingine huendelea. Anayeamua ni daktari wako wa damu akiwasiliana na mpasuaji. Omba waandike kwenye karatasi moja siku ya kuacha na siku ya kurudia. Siku ya kurudia ndiyo inayosahaulika. Mgonjwa hutoka wodini na kidonda kilichoshonwa vizuri, dawa ya kinga ikiwa bado imesimamishwa, katika wiki zile zile upasuaji wenyewe unapoiongeza hatari. Kabla ya kutia sahihi fomu ya kuruhusiwa, uliza: "Dawa yangu ya kuzuia damu kuganda naianza tena lini, na saa ngapi?"